Kwa mleta mada wa tuzo za gazeti la wilaya: ahirisha hiyo sherehe kwanza

Mkuu, simamisha kila kitu. Hizo ngao ulizoagiza Kariakoo, huyo mwenye turubai uliyempa kianzio, hizo kadi za mwaliko, vyote visubiri. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye foleni ya benki nikasonya mpaka mama aliyekuwa mbele yangu akadhani namsonya yeye.

Kwa wanaoingia moja kwa moja ukurasa wa mwisho: mleta mada ana gazeti dogo la kurasa nane, linatoka mara moja kwa mwezi, wasomaji wake ni wa wilaya moja tu. Anataka kumtunuku mwandishi bora kati ya waandishi wake wanaojitolea. Ameuliza manne: zawadi iwe fedha au ngao, majaji awatoe wapi, mgeni rasmi awe nani, na habari itakayoshinda aipeleke vipi kwenye tuzo za kitaifa. Halafu, kama kitu cha kupitia tu, akabandika picha ya karatasi ya alama aliyochorewa na "mtaalamu". Lugha 30. Mguso 25. Ubunifu 20. Picha 15. Usafi wa kazi 10. Na chini kabisa: majaji watoke nje ya wilaya ili kuondoa upendeleo.

Jumlisha. Zimetimia 100, sawa. Sasa nionyeshe alama za ukweli ziko wapi.

Hazipo. Kwenye karatasi yangu mimi, tulipoandaa tuzo kama hizo kwenye gazeti letu, pia hazikuwepo, na nilipouliza nilijibiwa kwa upole kama mtoto aliyeuliza kwa nini mbuzi hana suruali. Nitarudi kwa aliyenijibu, maana huyo ana deni na mimi.

Sisi tulikuwa kusini, kwenye korosho. Gazeti letu lilikuwa karatasi mbili za A3 zilizokunjwa katikati. Nyingine tunauza, nyingine tunabandika kwenye ubao wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, msikitini, kijiwe cha bodaboda, na kwa fundi cherehani mmoja ambaye kibaraza chake ndicho kilikuwa bunge la mji. Waandishi walikuwa walimu, muuguzi mstaafu, na vijana wa kidato cha nne waliokuwa wanasubiri maisha yaanze. Malipo yalikuwa nauli na vocha, tena vocha yenyewe ya kubembeleza. Wazo la kuwatuza lilikuwa zuri na bado nasema ni zuri. Mtu anayetembea juani kuuliza bei ya viuatilifu bila kulipwa anastahili kusimamishwa mbele za watu na kupigiwa makofi.

Ndipo akaletwa mshauri mwelekezi. Ana miwani ya kamba shingoni, kompyuta mpakato, na posho ya siku ambayo ingetuchapia gazeti mwaka mzima. Akatufundisha kwamba habari ya jamii lazima "iguse". Kila baada ya dakika mbili ni kugusa. Nilipomuuliza mbona ukweli wa habari hauna alama, akasema: ukweli ni kazi ya mhariri, habari ikishachapishwa maana yake imeshahakikiwa, jaji anapima ubora tu.

Inaingia akilini, si ndiyo? Na mimi iliniingia. Shida ni kwamba mhariri nilikuwa mimi, nahariri usiku baada ya kufunga duka, na kilichokuwa kinahakikiwa ni "l" na "r". Mwandishi alikuwa ananiamini mimi nimeangalia, mimi namwamini yeye ameuliza, majaji wanatuamini wote wawili kwa sababu imechapwa kwa wino. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekwenda kumwona mwenye habari.

Iliyoshinda iliandikwa na kijana mwenye kalamu kweli kweli, hilo simnyimi. Ilimhusu bibi mmoja mkulima aliyeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, kwa bei ya kutupa, ili apate hela ya kumtibu mjukuu. Magunia yale yale karani wa chama akayaandika kwa jina la shemeji yake, mnadani yakalipwa bei kamili. Picha ilikuwa ya bibi kwenye mkeka, anachambua korosho, jua la alasiri limempiga shavuni. Na aya ya kwanza ilikuwa na sentensi ambayo jaji mmoja aliizungushia duara na kuandika pembeni "hii ni fasihi": bibi hakulia, kwa kuwa machozi aliyauza pamoja na korosho.

Mimi niliposoma hiyo sentensi nilitakiwa nijue. Bibi gani wa kwetu anauza machozi? Kwa kipimo gani, pishi au kibaba? Lakini nilipenda. Nilimsomea mke wangu. Akasema "mh", akaendelea kukuna nazi. Ilikuwa ndiyo tathmini pekee ya maana iliyofanyika mwaka ule.

Majaji walikuwa watatu, wote wa kutoka nje ya wilaya kama tulivyoelekezwa. Wakampa kijana 94.

Sasa sikiliza iliyopata 51. Binti mmoja alikwenda ofisi ya AMCOS akanakili kwa mkono orodha ya mgao wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, iliyobandikwa ubaoni, jina na idadi ya mifuko. Kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na ile orodha: wewe umeandikiwa mifuko minne, umepokea mingapi? Miwili. Wewe? Mmoja. Nyumba nyingine akaambiwa mwenye jina hilo amezikwa kabla ya masika. Akaandika hivyo hivyo: jina, iliyoandikwa, iliyopokelewa. Hamna machozi, hamna machweo. Picha yenyewe ilikuwa ya ubao, na kivuli chake kimeingia. Jaji akaandika "kavu". Mguso akapewa 5 kati ya 25.

Anayejua korosho anajua kwamba ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoua maua ya mikorosho, haungoji kikao. Maua yakitoka, salfa ipulizwe, vinginevyo mwezi wa kumi unaokota majani. Toleo lile lilipobandikwa watu walisimama mbele ya ubao wanatafuta majina yao kama matokeo ya darasa la saba. Mtendaji akalazimika kuitisha mkutano, na mifuko "iliyosahaulika stoo" ikatoka na kugawiwa maua yakiwa bado juu ya miti. Kama hiyo haigusi, basi mimi sijui nini kinagusa. Hakuna jaji hata mmoja aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekanyaga kule. Walitumiwa nakala kwa barua pepe.

Siku ya sherehe tukafunga turubai uwanja wa shule. Bango kubwa, sura ya bibi juu ya bango. Na hapa kuna kitu ambacho ninyi wa magazeti ya mtaani mnakisahau: picha ya gazeti wanaiona wote, habari wanaisoma wachache. Bibi mwenyewe hakuwa ameisoma. Aliletwa na jirani aje aone alivyochorwa kwenye kitambaa. Amejifunga kanga mpya, amekaa mbele na akina mama.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akaanza kusoma habari nzima. Anaisoma vizuri, na mikono inapunga. Akafika kwenye mjukuu anavyoungua homa usiku. Bibi akauliza, wala hakupaza sauti, alimuuliza tu jirani yake, ila uwanja ulikuwa kimya: "Mjukuu yupi huyo?"

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Bibi ana mtoto mmoja wa kiume, yuko Masasi, hajaoa, na mji mzima unajua kwamba hajaoa kwa sababu ndiyo mada ya bibi kila Ijumaa. Mshereheshaji akadhani wanafurahia, akaongeza sauti. Akafika kwenye karani na shemeji.

Karani alikuwa safu ya tatu. Na mkewe. Na shemeji.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Niseme tu kwamba mgeni rasmi alikumbuka ana kikao kingine, na pilau ilibaki. Kuliwa ililiwa baadaye, sisi si wajinga, lakini kwa ukimya.

Ukweli ulikuwa huu: bibi aliuza korosho zake zote chamani, kwa mizani, na hela iliingia benki. Kijana alimkuta barazani akaomba kupiga picha, akakubaliwa. Kangomba aliisikia kijiweni. Habari ya karani aliisikia kwa mtu mwingine, kuhusu chama kingine. Mjukuu mgonjwa aliongeza mwenyewe kwa sababu kwenye semina tuliambiwa habari iguse. Nilipombana akaniambia, na macho makavu, "lakini mambo haya si yanatokea?" Yanatokea, ndiyo. Kangomba ipo, wizi wa mizani upo, makarani wenye mashemeji wapo. Hayakumtokea yule bibi wala hakuyafanya yule karani.

Tukaomba radhi ukurasa wa kwanza, herufi kubwa. Karani akakubali yaishe mbele ya baraza la kata, kwa gharama ambayo bado naiona kwenye daftari la duka langu. Hilo lilipita. Ambalo halikupita ni kwamba kila mwandishi wetu aliyekwenda kuuliza kitu, hata bei ya mchicha, aliambiwa: "Msije mkanipa mjukuu." Limekuwa neno la mji. Juzi tu mtu amelitumia kwenye msiba. Gazeti lilitoka matoleo machache tena, kisha mwenye mashine akataka chake na mimi nikapumzika. Yule binti wa salfa sasa ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Nikipita ananisalimia "shikamoo mhariri" kwa sauti ambayo sijaamua bado kama ni heshima.

Na mshauri? Nilimpigia. Akaniambia ile ilikuwa "changamoto ya utekelezaji". Baadaye nikaiona ripoti yake kwa wafadhili, ina picha ya sherehe yetu, bango na bibi, chini imeandikwa "mafanikio". Kwa hiyo mleta mada, kama mtaalamu wako ana miwani ya kamba, usinijibu hapa jukwaani, nitumie ujumbe faragha, nina maneno yangu nimeyatunza.

Kuna mchangiaji huko juu ameandika kwamba mambo haya yanawakuta "magazeti ya uchochoroni" tu. Ndugu yangu, tuliza boli. Mwaka 1981 Janet Cooke wa Washington Post alipewa Pulitzer, tuzo kubwa kuliko zote za magazeti Marekani, kwa habari ya mtoto wa miaka minane anayechomwa sindano za heroini. Habari ilitoka Septemba 1980, polisi wa jiji wakamtafuta mtoto bila kumwona, na bado gazeti likaipeleka kwenye tuzo, ikashinda. Mtoto hakuwepo. Na kilichomuumbua hakikuwa habari yenyewe, ilikuwa wasifu wake: gazeti la Toledo alikokuwa akifanya kazi zamani liliona elimu anayotajwa nayo hailingani na wanayoijua wao. Siku mbili tu baada ya kutangazwa, tuzo ikarudishwa.

Hayo ni ya zamani, utasema. Haya, njoo 2017. Claas Relotius wa Der Spiegel la Ujerumani alikwenda Fergus Falls, mji mdogo wa Minnesota, Marekani, akaandika jinsi watu wa pale walivyo. Akaandika kuna kibao mlangoni mwa mji kinachowaambia Wameksiko wakae mbali. Akaandika meneja wa mji hajawahi kuiona bahari wala kuwa na mchumba. Kule Ujerumani ikasomeka tamu. Wakazi wawili wa pale pale wakakaa chini wakaipitia mstari kwa mstari: kibao hakipo, na meneja ana picha yuko baharini na mchumba wake. Desemba 2018 mwenzake kazini alipomfichua kwenye habari nyingine, wale wakazi wakaweka hadharani orodha yao. Mwezi huo huo Relotius alikuwa ametoka kupewa tuzo ya waandishi ya Ujerumani kwa mara ya nne. Majaji wa tuzo hizo walikuwa mbali na mahali panapoandikwa. Tuseme hawakuwa na upendeleo hata chembe. Ila ile ya Fergus Falls, mwuza kahawa yeyote wa pale angeiumbua kwa dakika tano.

Ndiyo maana hiyo ya "majaji watoke nje ya wilaya" imenipandisha presha. Gazeti la taifa linaweza kuandika uongo kuhusu kijiji na msomaji wa Sinza asijue mpaka kiama. Gazeti lako wewe linasomwa na wale wale walioandikwa. Ubora wake wote uko hapo: mtu akisoma aseme "ndivyo ilivyokuwa, nilikuwepo". Jaji asiyeweza kusema hivyo anapima insha.

Basi kanuni yangu ni moja, nimeinunua ghali, nakupa bure: habari yoyote isipewe alama mpaka mtu asiyekuwa mwandishi wala mhariri awe amerudi na nakala mkononi kwa waliotajwa ndani yake, akawasomea kwa sauti. Asisimulie, asome. Afike kwa miguu, na kama ni lazima apige simu, namba asipewe na mwandishi. Najua watu waliojibiwa na binamu wa mwandishi aliyejifanya mwenyekiti wa kitongoji, tena akakohoa na kikohozi cha kizee.

Na anachouliza ni "hili ulilisema? Ulikuwepo? Siku ilikuwa hii?" Asiulize "umeipenda?" Kiongozi wa AMCOS hakuipenda habari ya salfa na hataipenda mpaka afe. Alipoulizwa kama orodha ile ni ya ubaoni kwake, alijibu ndiyo, huku amenuna. Ndiyo ya mtu aliyenuna ni ushahidi mzuri sana. Palipo na mtu aliyefichwa jina kwa usalama wake, hapo aende mmoja tu, kimya kimya, asimfuate na kundi la majaji na fulana za mradi. Ikishindikana kumfikia bila kumhatarisha, habari hiyo iache nje ya mashindano mwaka huu. Haitaoza.

Ukifanya hivyo utashangaa karatasi ya alama inavyojipanga yenyewe. Nusu ya habari tamu zitaanguka njiani, na zile kavu zitaanza kunukia. Mji wa Washington, ule mdogo wa North Carolina usiuchanganye na makao makuu, gazeti lake lilipata Pulitzer ya utumishi kwa umma mwaka 1990. Unajua ilianzia wapi? Mhariri aliona maandishi madogo nyuma ya bili yake ya maji. Wakafuatilia, ikaonekana maji ya mji yana kemikali zinazoweza kuleta saratani, na wakuu wa mji walijua kwa miaka minane bila kusema. Bili ya maji, mkuu! Kwa karatasi ya mtaalamu wako ingepata ngapi za mguso?

Majaji, kwa hiyo, watoe hapo hapo kwenu. Mwulize mwuza duka, mkunga, dereva wa basi la asubuhi, mwalimu aliyestaafu ambaye bado anasahihisha matangazo ya vifo kwa kalamu nyekundu. Upendeleo utakuwepo, ndiyo, kwa hiyo funika jina la mwandishi na waweke wengi. Binamu wa mwandishi akiwa jaji, wenzake watamkumbusha kwamba ni binamu, huko kwetu hakuna undugu wa siri. Umbali wa jaji hauna dawa kama hiyo.

Hizo tuzo za kitaifa ulizouliza, EJAT, yaani tuzo za umahiri wa uandishi za Baraza la Habari Tanzania, zilianza 2009, fuata tangazo lao linasemaje. Ila kabla hujatia kitu kwenye bahasha, rudi kwa mwenye habari na nakala mkononi, umsomee.

Umesema tayari mna habari nne za fainali na sherehe ni Jumamosi ijayo. Chukua nne hizo, leo jioni, mpe yule mwalimu mstaafu nauli ya bodaboda, aanze na ile uliyoisifia kwenye uzi, ya mzee kipofu na mbwa wake. Nimeisoma. Inagusa sana. Aanze na hiyo hiyo. Mwenye turubai akikataa kurudisha kianzio, mwachie.